Msivipeleke vinara vya zamani kuchovywa upya

Naomba niseme lenyewe kabla sijazama kwenye historia. Kama umerithi au umenunua vinara vya mishumaa vya zamani, vile vya shaba vilivyovikwa fedha, vilivyotoka kwenye majumba makubwa ya mashambani huku Uingereza, na unaona fedha imelika mpaka wekundu wa shaba unachungulia kwenye kona, tafadhali usivikimbize kwa fundi akavichovye upya kwenye fedha kwa umeme. Naona watu wanafanya hivyo kila mara, mtu ananunua mnadani kitu cha miaka mia mbili na zaidi, baada ya muda mfupi kimerudi cheupe pee, picha zinapigwa, pongezi zinamiminika, na mimi inaniuma kweli kwa sababu najua kilichofutwa pale.

Naishi Sheffield, na hivi vitu kwao ni hapahapa. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mnamo 1743 hivi, fundi visu mmoja aitwaye Thomas Boulsover alikuwa anatengeneza mpini wa kisu wenye fedha na shaba, moto ukazidi, akakuta vimeshikana na havitaki kuachana tena. Kushikana peke yake isingekuwa habari kubwa. Habari ni kwamba alipokibana kile kipande kwenye roli, fedha na shaba vilitanuka pamoja, yaani fedha ilibaki juu na shaba ikabaki chini, kwa uwiano uleule, mpaka bati likawa jembamba kabisa. Aliyewahi kusukuma chapati iliyopakwa samli anajua tabaka zinavyokwenda zote kwa pamoja, basi ni hivyo, ila kwa madini.

Na kuna sababu yake. Fedha peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 961 za selsiasi na shaba kwenye 1085, lakini zikigusana zikiwa safi, pale zinapokutana panaanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 780 tu, kwa hiyo zinajigundisha zenyewe huku umbo halijaharibika. Mafundi wa enzi zile hawakuwa na kipimajoto cha tanuri. Walikuwa wanafunga bamba la fedha juu ya kinofu cha shaba, wanapaka boraksi (dawa ya kusaidia kulehemu) pembeni, wanaingiza motoni, halafu mtu anachungulia kwenye tundu anasubiri ukingo wa fedha uanze kumetameta majimaji, akiuona tu anatoa fasta. Akichelewa kidogo kazi yote imekwisha. Nikifikiria ujuzi wa jicho la yule mtu, asubuhi mpaka jioni mbele ya joto lile, naheshimu sana.

Boulsover mwenyewe alikomea zaidi kwenye vifungo vya nguo na visanduku vidogo. Waliofuata, Joseph Hancock akiwa mmoja wao, ndo walioona kumbe unaweza kutengeneza masufuria, mabirika ya kahawa na vinara. Halafu Birmingham akaja Matthew Boulton, huyuhuyu aliyeshirikiana na James Watt kwenye injini za mvuke, akaingia na mtaji mkubwa kwenye kiwanda chake cha Soho. Ukikuta kinara kina alama ya jua mbili ndogo ubavuni kwa ubavu, hiyo ni yake. Na serikali nayo ilisaidia bila kukusudia, maana 1784 ilirudisha ushuru kwenye vyombo vya fedha tupu na hivi vya kuvikwa havikuguswa, kwa hiyo hata mwenye jumba la vyumba hamsini alikuwa na sababu ya kununua hivi, ukizingatia kabla ya umeme nyumba kama ile ilihitaji vinara mezani, kwenye korido, kwenye ngazi, kila chumba cha kulala, jikoni, kote.

Sasa njoo kwenye kinara chenyewe, maana ukikishika unadhani ni madini matupu kwa jinsi kilivyo kizito, na sivyo. Ni bati jembamba. Walikuwa wanachonga kalibu za feleji (feleji ngumu ya Benjamin Huntsman ilikuwa inatoka hapahapa Sheffield tangu miaka ya 1740, bila hiyo kalibu zisingehimili vishindo), bati linapigwa kwenye kalibu vipande vipande, nguzo, kitako, kikombe cha juu, vinalehemiwa, halafu ndani wanamwaga lami iliyochanganywa na ulimbo ili kipate uzito na kisimame imara. Chini kinafunikwa, mara nyingi kwa kitambaa kizito cha kijani. Kwenye kingo ambako bati lilikatwa na shaba ingeonekana, walizungushia waya mwembamba wa fedha kuficha aibu. Ukipitisha ukucha chini ya ukingo mara nyingi unahisi kabisa pale fedha ilipokunjiwa.

Kuna kitu kimoja nakipenda kuliko vyote. Tajiri akinunua kinara anataka nembo ya ukoo wake ichorwe. Lakini ukichora kwa patasi juu ya fedha nyembamba unafika kwenye shaba papo hapo. Kwa hiyo mafundi walikuwa wanachukua kipande kidogo cha fedha tupu, wanakipasha moto, wanakisugua juu ya kitako mpaka kinashikamana na kuzama, mshono hauonekani kwa macho, halafu nembo inachorwa hapo. Ukitaka kukiona, sogeza kinara mdomoni, pulizia pumzi ya moto taratibu kama unayetaka kufuta miwani. Ukungu ukitanda, kwa sekunde chache unaona mipaka ya kile kipande imejitokeza, mstatili au ngao, halafu inapotea tena. Mara ya kwanza kuona vile nilishtuka nikarudia na kurudia.

Vinara vyangu viwili vilitoka kwenye mnada wa vitu vya jumba moja kule Derbyshire, familia ilikuwa inafunga nyumba. Ni vya umbo la nguzo yenye mifereji, juu kuna majani, mtindo uliopendwa sana kuanzia miaka ya 1760 na kuendelea walipokuwa wanaiga Roma na Ugiriki. Kwenye katalogi waliandika kwamba vinatoa damu, ndivyo wauza mnada wanavyosema shaba ikianza kuonekana, na kwa sababu hiyo bei ilikuwa ndogo. Maneno "kutoka jumba la mashambani" yakiandikwa kwenye katalogi bei huwa inapanda, ila yakifuatiwa na "vinatoa damu" inashuka, na mimi ndo nikapata nafasi hapo katikati.

Nikavipeleka nyumbani, nikaviweka mezani. Akaja mama mmoja wa Tanga, mtu mzima, amefanya usafi kwenye mahoteli huku miaka mingi kabla hajastaafu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, macho yakaenda moja kwa moja kwenye vinara.

"Mwanangu, vimechubuka hivi na umetoa hela?"

"Nimetoa mama."

Akakichukua kimoja akakizungusha polepole kwenye mwanga wa dirishani. Akapitisha dole gumba kwenye kitako upande wenye nembo, pale shaba imetoka nyekundu kabisa kuizunguka ngao, halafu akakigeuza akapitisha upande wa nyuma ambako fedha bado ipo nzima. Akarudia hivyo tena. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Huyu alikuwa anasugua panapokaguliwa. Nyuma hapiti mtu kuangalia, mbele ndo bwana mkubwa anapokaa. Sisi pia ilikuwa hivyohivyo, bomba la sinki mpaka likapauka, nyuma ya choo nani anainama?"

Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu hivi vitu na hakuna mahali nilipokutana na hilo likisemwa wazi namna hiyo. Nikachukua cha pili tukaangalia wote. Vilevile. Mbele kumeisha, nyuma kuzima. Na katikati ya ule wekundu, kile kipande cha fedha tupu chenye nembo bado kiko cheupe, maana ni kinene kuliko fedha inayokizunguka. Yaani jina la mwenye nyumba limedumu, na pembeni yake kuna duara la shaba lililochimbwa na mkono wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Na mkono ule ulifanya kazi kweli. Fedha inapiga weusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani, na nyumba za enzi zile zilikuwa zinachoma makaa ya mawe kwenye kila chumba, kwa hiyo salfa ilikuwa ya kumwaga. Vyombo vilihitaji kusuguliwa tena na tena. Walitumia unga mwekundu laini, ambao ni kutu ya chuma iliyosagwa, wakichanganya na maji na kusugua kwa vidole na viganja vitupu, na watumishi wapya viganja vilitoka malengelenge, ukaendelea kusugua hivyohivyo mpaka ngozi ikakomaa. Kila kusugua kunaondoka na fedha kidogo sana, huioni kwa siku, ila kwa miaka mia inaonekana. Nyumba nyingi zilikuwa na chumba cha kutunzia vyombo vya fedha chenye mlango wa chuma, na mtumishi mmoja wa kiume analala hapohapo mlangoni usiku kulinda. Watumishi wa kiume wenyewe walikuwa fahari ya tajiri, kuanzia 1777 serikali iliwatoza mabwana kodi kwa kila mtumishi wa kiume waliyemwajiri, na kodi hiyo haikufutwa mpaka 1937.

Mishumaa nayo ilikuwa na daraja zake. Mpaka 1831 mishumaa ilitozwa kodi Uingereza, na ya nta ya nyuki ilikuwa ghali mno, hiyo ndo ilikaa kwenye vinara vya fedha vya sebuleni. Chini kwa watumishi waliwasha ya mafuta ya wanyama, inanuka, inatoa moshi, na utambi wake unataka kukatwakatwa usiku kucha. Vipande vya nta vilivyobaki asubuhi kwenye vinara vya juu vilikuwa haki ya mtumishi fulani, kwa desturi ya nyumba, anavikusanya na kuviuza, na hiyo ilikuwa sehemu ya kipato chake. Jioni wageni wakitaka kwenda kulala walikuta vinara vidogo vya kushika vimepangwa kwenye meza karibu na ngazi, kila mmoja anawasha chake anapanda nacho. Aliyevipanga na aliyevisugua ni walewale.

Nikiwa kwenye hili siwezi kuruka suala la hela za majumba yenyewe zilitoka wapi. Si mbali na hapa, karibu na Leeds, kuna Harewood House, ilianza kujengwa 1759 na ukoo wa Lascelles, na utajiri wao ulitokana na sukari ya Karibiani na watu waliotumikishwa utumwani. Mwaka 2020 shirika la National Trust, linalotunza majumba ya kihistoria, lilitoa ripoti ikitaja sehemu 93 walizozitunza ambazo zina mafungamano na utumwa au ukoloni. Sijui hela iliyonunua vinara vyangu ilipita njia gani na sitabuni. Lakini mtu akikwambia kitu kimetoka jumba la mashambani, hiyo ni sehemu ya kilichomo.

Basi mwaka 1840 kule Birmingham, George Elkington na binamu yake Henry wakachukua hataza ya njia mpya. Betri ya Volta ilikuwepo tangu 1800, na daktari mmoja wa palepale Birmingham, John Wright, ndiye aliyegundua kwamba ukiyeyusha fedha kwenye maji yenye sianidi ya potasiamu, ukapitisha umeme, fedha inakwenda kujishika kwenye chombo chote, hata kwenye kona. Hakuna roli, hakuna jicho kwenye tundu la tanuri, hakuna waya wa kuficha kingo. Unatengeneza kinara chote kwanza halafu ndo unakichovya. Ndani ya miaka kama kumi na tano ufundi wa Boulsover ukawa umekufa. Vyombo vya njia mpya, ambavyo vingi chini yake ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, ndo vile vyenye herufi EPNS kwa chini, na kama una seti ya vijiko vya bibi yako vya Kiingereza kabatini, kuna uwezekano mkubwa vimeandikwa hivyo.

Kwa hiyo anayepeleka kinara cha zamani kuchovywa anaweka kazi ya Elkington juu ya kazi ya Boulsover, na ukishaifunika hairudi. Rangi inabadilika, kwa sababu fedha ya zamani ilikuwa na shaba kidogo ndani yake, ina joto fulani, na ya umeme ni fedha tupu, nyeupe kali. Ukipulizia pumzi ile ngao haitokei tena. Mishono inafichika. Na kabla ya kuchovya, fundi anapitisha mashine ya kung'arisha ili kuondoa mikwaruzo, hapo ncha za majani zinalainika, mifereji inapoteza makali, nembo inafifia. Kwa vinara kuna zaidi, ile lami ya ndani haivumilii moto wala kemikali, inabidi itolewe yote, na kitambaa cha chini kinabanduliwa na hakirudi kilivyokuwa. Wauza vitu vya kale wenyewe watakwambia bei inashuka, ila mimi hata ingepanda nisingekubali.

Vilifikaje mnadani? Umeme kwanza. Cragside kule Northumberland iliwashwa taa kwa umeme wa maji, taa ya kwanza 1878 na balbu za Joseph Swan 1880, na nyumba nyingine zikafuata polepole, vinara vikahama mezani vikawa pambo. Kisha kodi ya mirathi ya 1894, halafu vita viwili vilivyoua warithi na kuondoa watumishi, maana waliokwenda viwandani hawakurudi kusugua. Miaka ya 1950 majumba yalibomolewa kwa mamia, mwaka 1955 ukiwa mbaya kuliko yote, na 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert lilifanya maonyesho maalumu ya kuyaomboleza. Mwaka 1977 serikali ilipewa nafasi ya kuichukua Mentmore Towers na vilivyomo kwa pauni milioni 2, ikakataa, vitu vikapigwa mnada siku kadhaa mfululizo na vikaleta zaidi ya milioni 6. Kelele zilikuwa kubwa, ila zilihusu michoro na samani za kifalme. Vinara vya kuvikwa fedha viliuzwa kwa mafungu, viwili viwili, vinne vinne, nyumba baada ya nyumba, na hakuna aliyelia.

Jumba moja ninalolipenda ni Erddig, Wales, karibu na Wrexham, lilikabidhiwa National Trust 1973. Ukoo wa Yorke walikuwa na desturi ya ajabu ya kuwachora watumishi wao tangu karne ya 18, baadaye picha za kamera, na wakawatungia mashairi juu. Mgeni anaingilia upande wa watumishi, anapita karakana na jikoni kabla ya kufika kwenye fahari ya sebuleni. Nilipopita pale ndo nilielewa kwa nini hivi vinara vyangu vinanigusa. Kwenye majumba mengi hakuna picha ya aliyesugua, hakuna shairi, kuna ule wekundu tu wa shaba upande wa mbele. Ukiufunika, umemfuta.

Kuvitunza si kazi. Vumbi kwa kitambaa laini cha pamba. Vikipiga weusi sana, dawa laini ya fedha, kidogo, mara chache, na usibonyeze. Brasso ile tuliyosugulia vifungo na mikanda haifai kabisa hapa, ni kali, inakula. Ile mbinu ya mtandaoni ya karatasi ya aluminiamu na magadi kwenye maji ya moto nayo achana nayo kwa vinara, maji yakiingia ndani kwenye lami hayatoki, na moto unaweza kuilainisha kinara kikapinda. Nta ya mshumaa usiichokonoe kwa kisu, kiweke kinara mahali pa baridi mpaka nta iwe ngumu, halafu itabanduka kwa ukucha, kinachobaki futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu. Usivifunge kwa mpira wala kuviviringisha kwenye sufu, vyote vina salfa.

Na sisemi kila kitu kisichovywe. Kama una uma na vijiko vya EPNS vya miaka ya 1930 vilivyopauka na unataka kulia navyo, peleka, vilizaliwa kwenye umeme na vinarudi kwenye umeme, sina neno. Lakini kwanza geuza chombo uangalie herufi, pitisha ukucha kwenye kingo, pulizia pumzi palipo na nembo. Ngao ikijitokeza, kiache hivyohivyo kilivyo.